Mbigili ndani ya chupa: vijana wetu wanauziwa nini?

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita nililetewa kazi ya kutafsiri ambayo sijawahi kuletewa tangu nifike Uingereza. Nimezoea kuletewa barua za uhamiaji, barua za shule, majibu ya hospitali, na mara moja nililetewa hata talaka. Safari hii nililetewa chupa.

Aliyezileta ni kijana ninayemwita mpwa wangu, si kwa damu bali kwa mtaa, maana kule Tandika nyumba yetu na ya kina mama yake zilitenganishwa na nyumba mbili tu. Ana miaka 26, anabeba maboksi usiku kwenye ghala moja hapa Leicester, na kwa miezi kama minane sasa mazungumzo yake yote ni jimu. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza marahaba yangu alikwisha panga mezani chupa sita nyeusi zenye herufi za dhahabu na picha ya fahali. Moja ilikuwa imeshafunguliwa.

Alitaka mambo mawili. Kwanza, nimtafutie mtu anayekwenda Dar es Salaam mwenye nafasi kwenye begi, kwa kuwa wasafiri wengi hupita kwangu kuniaga. Mimi mwenyewe siendi, na sababu za kutokwenda kwangu wasomaji wa siku nyingi mnazijua. Leo si siku yake. Pili, nimuandikie kwa Kiswahili maneno yote yaliyo kwenye lebo, kwa sababu mzigo unakwenda kwa mdogo wake, ambaye atatumia chupa moja na zilizobaki atawauzia wenzake anaobeba nao vyuma uani. Mdogo wake ana miaka 17. Yuko kidato cha nne.

"Ni ya asili tupu, mjomba," akanihakikishia. "Haina kemikali. Inaamsha homoni yako mwenyewe, misuli inajaa."

Kazi hiyo niliikataa. Lakini chupa zimebaki kwangu wiki nzima, nami nikaona si uungwana kumkatalia kijana bila kumweleza. Kwa hiyo tafsiri ninaiandika hapa, hadharani, pamoja na yale ambayo lebo imeyaruka.

Kiungo cha kwanza kimeandikwa kwa Kilatini, Tribulus terrestris, jina zito la kumtisha mtu ambaye hakusoma. Nilipolitafuta nilicheka peke yangu jikoni. Ni mbigili! Ndiyo, mbigili ile ile, kijimmea kinachotambaa kwenye ardhi kavu, chenye maua madogo ya njano na tunda la miiba linalotoboa hata ndala. Wale tuliocheza mpira peku tunaifahamu kwa nyayo. Leo mtoto wa Tandika anaambiwa alipe paundi za kaka yake ili asafirishiwe mbigili kutoka Ulaya.

Mbigili iliingiaje kwenye chupa? Ilipitia Bulgaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha dawa cha huko kilianza kutengeneza vidonge vya mmea huu, na kwa kuwa enzi hizo Wabulgaria walikuwa wakitisha dunia kwa kunyanyua vyuma, ikavumishwa kwamba siri yao ni mbigili. Watunisha misuli wa Marekani wakaidaka habari hiyo katika miaka ya 1990 na biashara ikawaka. Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi akiambiwa siri ya ushindi wa fulani huenda kuangalia kumbukumbu. Kumbukumbu zinasema hivi: kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, wanyanyua vyuma wawili wa Bulgaria walinyang'anywa medali za dhahabu baada ya kukutwa na furosemaidi, dawa ya kukojosha inayotumiwa pia kuficha dawa nyingine kwenye mkojo, na timu nzima ikafungasha virago. Sydney mwaka 2000, dawa ile ile, zikaondoka medali tatu. Mwaka 2008 wenzao 11 walikutwa na steroidi hata kabla ya kupanda ndege ya kwenda Beijing. Mwaka 2015 wengine 11, na Bulgaria ikafungiwa kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki ya Rio ya 2016. Kumbe mbigili ilikuwa mchicha tu pembeni ya ugali!

Na wenyewe Wabulgaria walikuja kuipima. Mwaka 2005 watafiti wao walitoa matokeo ya vijana 21 wenye afya. Baadhi walipewa mbigili kwa wiki 4 na wengine hawakupewa, na testosteroni haikupanda. Mwaka 2007 ikawa zamu ya wachezaji 22 wa ragbi wa Australia, wiki 5 za mazoezi makali. Waliokula mbigili na waliokula vidonge vitupu walitoka sawasawa, kwa nguvu na kwa misuli.

Kiungo cha pili ni uwatu. Hapa wasomaji wetu wa Zanzibar na Maskati watacheka kuliko mimi, maana uwatu ni kitu cha jikoni, na ni kinywaji cha mama aliyejifungua ili maziwa yatoke. Sasa kimepandishwa cheo, kinamfanya mwanamume awe fahali. Sisemi kwamba uwatu umepimwa ukakutwa mtupu kabisa. Zipo tafiti ndogo zilizoona testosteroni ikipanda kidogo, na zipo ambazo hazikuona chochote. Ashwagandha, mzizi wa Kihindi ulio nafasi ya tatu kwenye lebo, una bahati zaidi: mwaka 2015 wanaume 57 walipimwa kwa wiki 8 na walioutumia waliongeza nguvu na homoni kuliko wenzao. Haki lazima isemwe. Lakini huo huo umeripotiwa kuumiza maini ya baadhi ya watu, na mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku. Kiungo cha nne ni asidi ya D-aspatiki. Hii ilisifiwa sana mwaka 2009. Mwaka 2015 ikapimwa kwa wanaume waliozoea kubeba vyuma, na waliopewa gramu 6 kwa siku testosteroni yao ilishuka. Umelipa upandishwe, umeshushwa.

Cha mwisho ni madini ya zinki, na ndugu msomaji naomba utulie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye ujanja wenyewe. Zinki ni kitu cha kweli. Mwaka 1961 madaktari waliokuwa Shiraz, Iran, waliandika habari za vijana wa vijijini waliodumaa na kuchelewa kubalehe, na baadaye ikabainika Misri kwamba wagonjwa wa namna hiyo walikuwa na upungufu wa zinki, walipopewa, walikua. Aliyepungukiwa akipewa, homoni yake hurudi. Asiyepungukiwa akiongezewa, hapati ziada. Sasa, sheria za Ulaya, ambazo Uingereza imebaki nazo hata baada ya kujitoa, hazimruhusu muuzaji wa chakula kujisifia atakavyo. Lakini kwa zinki zinamruhusu kuandika kwamba madini hayo huchangia kudumisha kiwango cha kawaida cha testosteroni kwenye damu. Soma tena: kudumisha, cha kawaida. Basi muuzaji anachofanya ni kutia chembe ya zinki ndani ya mbigili, halafu neno testosteroni analiandika kwa herufi za dhahabu ukubwa wa kidole gumba, na hapo hajavunja sheria.

Upande wa pili wa chupa kuna lebo ya Kimarekani, maana huko ndiko zilikotengenezwa. Hiyo inataja mchanganyiko maalumu wenye uzito fulani kwa jumla, bila kusema kila kiungo ni kiasi gani. Chini kabisa, kwa herufi za mchwa, imeandikwa kwamba maelezo haya hayajathibitishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Msomaji asidhani ni unyenyekevu. Sheria ya huko ya mwaka 1994 haimtaki mtengenezaji wa virutubisho apeleke bidhaa yake ikaidhinishwe kabla ya kuuza. Serikali huja baadaye, ikishasikia watu wameumia.

Mwaka 2020 zilichapishwa habari za watafiti wa Marekani waliochukua bidhaa 50 zinazojiita viamsha testosteroni na kutafuta kila kiungo kina ushahidi gani. Karibu robo tu ndiyo waliyokuta na data ya kupandisha homoni. Kwa sehemu tatu kati ya tano hawakukuta data yoyote. Na moja kati ya kumi ilikuwa na data ya kuishusha!

Hapo mpwa wangu aliniuliza swali ambalo najua na wewe unaliuliza: "Mbona mimi nimejaa, mjomba?"

Kweli amejaa. Mikono ya shati haimtoshi. Jibu langu la kwanza ni kwamba mtu aliyebeba vyuma miezi minane na kula mayai sita kila asubuhi hujaa, awe amekula mbigili au hakula. Jibu la pili ndilo linaloninyima usingizi. Huenda ndani ya chupa hamna mbigili peke yake.

Simsingizii mtu. Kati ya Oktoba 2000 na Novemba 2001, kwa fedha za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, zilinunuliwa bidhaa 634 za virutubisho katika nchi 13, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kuwa ina homoni. Maabara ya Cologne ikakuta steroidi ndani ya bidhaa 94. Hiyo ni karibu 15 katika kila 100. Msidhani hayo yamepita: kumbukumbu za mamlaka ya Marekani za kuanzia 2007 hadi 2016 zilihesabiwa, zikakutwa bidhaa 776 zilizotiwa dawa za siri. Zile za kutunisha misuli zilikuwa 92, na nyingi mno zilikuwa na steroidi au vitu vya jamii hiyo. Zile za nguvu za kiume ziliongoza orodha, na dawa iliyokutwa humo zaidi ni ile iliyo kwenye Viagra. Mzee mwenye moyo mbovu anayetumia dawa ya nitreti akinywa hiyo bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka vibaya. Naye aliambiwa ni mizizi.

Ukitafakari, muuzaji huyu amebanwa na hesabu yake mwenyewe. Mwaka 1996 Marekani walipima wanaume 43 kwa wiki 10. Waliodungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, kama mara sita ya dozi ya tiba, waliongeza misuli kama kilo 3 bila kugusa chuma. Waliobeba vyuma bila sindano waliongeza kama kilo 2. Waliofanya vyote viwili kama kilo 6. Kwa hiyo testosteroni inajenga misuli, hilo si uongo, lakini kwa kiwango ambacho mwili wa kawaida haufikii. Kupanda kidogo ndani ya kiwango cha kawaida, hata uwatu ukikupa, hakukuletei kifua cha fahali. Muuzaji akitia mbigili tupu, mteja hataona kitu na harudi. Akitaka mteja aone kitu, lazima atie kile ambacho hakukiandika.

Na hicho asichokiandika kinafanya nini? Fikiria boya lililo ndani ya tangi la maji. Maji yakijaa, boya linapanda na bomba linafunga. Ubongo na tezi ya pituitari iliyo chini yake hufanya hivyo hivyo: damu ikijaa homoni iliyotoka nje, amri ya kwenda kwenye korodani inakatwa. Korodani zinasinyaa, mbegu za uzazi zinapungua, na kwa wengine zinaisha kabisa kwa muda. Wasiojua watashangaa kusikia kwamba mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kuwadunga wanaume testosteroni kila wiki kama dawa ya kuzuia mimba, na kwa wengi ilifanya kazi. Kijana anatafuta uanaume anakunywa uzazi wa mpango! Ukiacha, boya linaweza kuchukua miezi mingi kushuka, na wapo ambao halikushuka sawasawa. Upande wa ini, madaktari wa Marekani waliofuatilia wagonjwa kati ya 2004 na 2013 walieleza vijana waliokuwa wakitumia virutubisho vya kutunisha misuli na ambao macho na ngozi zao zilikuwa manjano kwa muda mrefu. Na kwa mtoto wa miaka 17 kuna la ziada: steroidi zinaweza kufunga mifupa kabla haijamaliza kurefuka. Atabaki na kimo hicho hicho maisha yake yote.

Watu wetu tuna udhaifu kwa neno asili. Tukisikia asili, maswali tunayaweka kabatini. Muhogo mchungu si wa asili? Nani amepewa ghafi akashukuru? Nami sina haki ya kuwacheka walionaswa, maana gazeti nililofanyia kazi nyumbani lilijaza kurasa za nyuma kwa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, za kurefusha, za kunenepesha, na mishahara yetu ilitoka humo. Habari ya waziri ilinichukua wiki nzima ya kuthibitisha. Tangazo la mizizi lilipita kwa dakika tano, mradi mwenye nalo amelipa taslimu. Sikuwahi kuhoji. Nilipoondoka nchini niliondoka kwa sababu ya ile habari ya waziri, si kwa sababu ya mizizi, ingawa nadhani mizizi iliumiza watu wengi zaidi.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kinajitembeza kwenye simu ya kila kijana aliyechoka. Neno hilo, kuchoka, ndilo ninalotaka tuliangalie. Mwaka 2011 walichapisha Marekani matokeo ya vijana 10 wenye afya waliolazwa saa 5 tu kwa usiku, wiki nzima. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu! Nilimuuliza mpwa wangu analala saa ngapi. Anatoka ghalani saa kumi na mbili asubuhi, saa nne yuko kwenye usafi wa ofisi, saa tisa alasiri jimu, kisha saa nne za kulala zinazokatwa na simu za nyumbani. Kwa hiyo kama kweli homoni yake imeshuka, hakuna haja ya kuita mganga. Anayeishusha ni ile ratiba yake, halafu anatokea mjanja wa kumuuzia chupa kwa pauni 40.

Nikamwambia ninachokijua. Anayehisi dalili za kweli, mwili mzito, hamu ya ndoa imekwisha, aende kwa daktari apimwe damu asubuhi, siku mbili tofauti, na huku kipimo hicho hakina malipo kwake. Anayetaka misuli ahakikishe anapata protini, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mayai, maharage, samaki na maziwa vinamfikisha. Kama lazima anunue unga wa dukani, kriatini gramu 3 hadi 5 kwa siku ni ya bei nafuu na imepimwa sana, na haijifanyi homoni; hata hiyo atafute yenye alama ya kupimwa na maabara huru. Uzito ukizidi tumboni, kuupunguza kunapandisha testosteroni bila chupa. Na alale.

Hapo ndipo aliponicheka. "Nilale, mjomba? Kodi atalipa nani? Na ada ya huyo huyo wa kidato cha nne?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Nilimwambia tu kwamba ada ya mdogo wake aendelee kuipeleka, chupa asipeleke. Alinyamaza muda, akanywa chai yake. Tulikubaliana zile tano zibaki juu ya kabati langu hadi ampigie simu mdogo wake wazungumze. Ile iliyofunguliwa alitia mfukoni. Alisema ameshailipia, ataimaliza.

Mama yake alinipigia juzi kunisalimu na kuuliza kama mzigo umepata mtu. Nilimwambia bado.